Wastani wa Mapigo

Simbajike aliingia mchezoni saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumanne, na Leonidasi akakunja uso. Mwezi Machi, shule zote zimefunguliwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anafanya nini kwenye kompyuta saa hizi?

Hakuuliza. Humo mchezoni yeye hakuwa Leonidasi, mtaalamu wa maabara aliyetoka zamu ya usiku pale Kibondo. Alikuwa Kipriani, mwalimu wa hisabati mstaafu, mkazi wa Iringa. Na Simbajike, jina la mchezoni alilolijua tangu walipoishi nyumba moja, alikuwa Careen, binti yake aliyeko Kasulu, ambaye huu ulikuwa mwaka wa pili hapokei simu zake.

Chumba alichopanga kilikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kitanda cha futi tatu na nusu. Modemu aliifunga kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, maana hapo tu ndipo mtandao ulipokamata. Wenzake wakitoka zamu huenda kulala. Yeye huwasha kompyuta.

"Shikamoo mwalimu," Simbajike aliandika. "Nimepata upanga wa moto. Unapiga arobaini, ila mara moja katika tano moto unawaka na kuongeza sitini. Shoka langu linapiga hamsini kila mara. Nichukue kipi?"

Leonidasi alitabasamu. Hili aliliweza.

"Marahaba. Chukulia umepiga mara mia. Arobaini mara mia ni elfu nne. Moto utawaka kama mara ishirini, sitini mara ishirini ni elfu moja na mia mbili. Jumla elfu tano na mia mbili. Gawa kwa mia, unapata wastani wa hamsini na mbili. Upanga umelishinda shoka."

Simbajike akaandika: "Ngoja kidogo, naepua maharage."

Alingoja. Careen anayemjua yeye hakujua hata chumvi inakaa wapi. Mwaka jana alikuwa akiandika kwa vifupisho visivyosomeka, akiwatukana majoka na wachezaji wenzake. Tangu Januari anaandika sentensi nzima, na nukta mwishoni. Mtoto anakua, aliwaza, na mimi baba yake namwona kwa kuchungulia.

"Nimerudi. Huo wastani ni wa mtu mwenye mapigo mia. Lile joka la bondeni lina uhai mia moja, na nisipoliua kwa mapigo mawili linanimeza. Hapo je?"

Leonidasi alisogeza kiti. Miaka kumi na minane amewafundisha vijana wa maabara wasiamini eneo moja tu chini ya darubini, wahesabu mengi ndipo watafute wastani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za mtu asiye na nafasi nyingi.

"Kwa shoka, hamsini na hamsini, limekufa," aliandika. "Kwa upanga, uwezekano wa moto kugoma mara zote mbili ni asilimia sitini na nne. Chukua shoka."

"Nilidhani hivyo. Asante mwalimu. Uliowafundisha walibahatika."

"Na wewe, shule inaendeleaje?"

Simbajike alishuka bondeni, akaliua joka kwa mapigo mawili, akatoka mchezoni.

Alhamisi alirudi, saa tatu vilevile. Wiki iliyofuata pia. Leonidasi alishindwa kuvumilia, akamweleza Tamimu, mwenzake wa zamu.

"Huyo ameacha shule, kaka," Tamimu alisema. "Mpigie mama yake."

"Odilia? Anaikata kabla haijaita mara mbili."

"Basi mwambie mtoto mwenyewe. Wewe si baba yake?"

Siku nne hakugusa kompyuta. Akijitambulisha, Careen atakimbia, na hicho kidogo alicho nacho kitakwisha. Asipojitambulisha, mtoto anaharibika huku yeye akimfundisha hesabu za mapanga. Siku ya tano alikaa, akamkuta Simbajike amesimama getini mwa mji, kana kwamba anamsubiri.

"Mwalimu, umepotea. Ulikuwa unaumwa?"

Leonidasi akaandika bila kusimama.

"Careen, mimi si mwalimu. Mimi ni baba yako. Najua huendi shule, na lazima urudi. Ila siwezi kukugombeza kabla sijasema kosa langu. Niliwaambia nimehamishwa. Si kweli, niliandika barua mwenyewe kuomba. Tulipomzika mdogo wako, mama yako alilia kila siku, akishona analia, akila analia, na mimi sikujua la kumwambia. Nikamkimbia. Hakunikosea chochote. Naye nimemwacha abebe kaburi lile peke yake, na sijapata siku moja ya amani hapa Kibondo. Nampenda mama yako. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo."

Aliyatuma bila kuyasoma tena.

Simbajike hakusogea. Wachezaji wengine walipita pembeni yake, wakaenda zao. Dakika tano. Dakika kumi. Leonidasi alikagua modemu. Taa yake ilikuwa inawaka. Nje mwenye nyumba alikuwa akitwanga, na kila pigo la mchi aliliona kama mlango unaofungwa. Akanyoosha mkono azime kompyuta.

Maandishi yakatokea.

"Baba Careen, mwanao yuko bweni Tabora tangu Januari. Hilo la mwisho, hebu niandikie tena."