Nanga ya Konokono

Redio ya boti ilinyamaza ghafla, taa yake nyekundu ikabaki inawaka, na hakuna aliyejali. Lonnie ndiyo kwanza alikuwa amelibwaga sanduku la barafu kwenye kiti cha nahodha, juu ya kofia, miwani na maiki, na watu walikuwa na kiu.

"Haya, tuambiane kweli," alianza Dwight Pruett, mwenye boti. Mwaka huo chama cha wenye boti pale gatini kilimpa yeye kazi ya kupanga safari ya fataki. Kila sikukuu ya Uhuru walipanda Ghuba ya Chesapeake mpaka Baltimore, wakilala majini njia nzima, kisha wakatazama fataki bandarini wakiwa juu ya boti zao. "Tukienda na Mzee Alton, tutafika Krismasi."

Wakacheka. Sheria ya chama ilikuwa moja: msafara huenda kwa mwendo wa aliye wa polepole. Na hakuna aliyekuwa wa polepole kuliko Alton Tasker na mashua yake kuukuu ya tanga.

"Konokono huyo," alisema Lonnie.

"Konokono ana nafuu," Dwight akadakia, kicheko kimeshampanda kichwani. "Konokono hasimulii! Jioni mmoja ametupa nanga, wengine tumejifunga ubavuni mwake, chakula kimeiva, mzee anaanza: Verna hivi, Verna vile. Mtu kazikwa zamani, jamani, na bado tunakula naye!"

Corinne, mkewe, alimkanyaga mguu. "Koma, Dwight. Huyo Verna ndiye aliyekufunza kufunga kamba."

"Si nasema ukweli tu?"

Shauri likakatwa: mzee ataambiwa safari haipo, injini ya Lonnie imekufa. Lonnie akaliinua sanduku kwenda kumwaga maji, kitufe cha maiki kikaachia, na redio ikaamka na makelele yake ya Jumamosi.

Mzee Alton aliishi ndani ya mashua yake, mwisho wa gati. Redio yake ya kuitana na boti nyingine haikuzimwa mchana wala usiku. Tangu afiwe na mkewe, hiyo ndiyo sauti ya pili humo ndani. Nyuma ya mashua jina la marehemu lilikuwa limepakwa rangi upya.

"Mzee, safari ya mwaka huu haipo," Dwight alisema, macho kwenye viatu vyake. "Injini ya Lonnie imekufa."

 Mzee akainama, akaipunguza redio sauti.

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Mpe pole. Verna alikuwa akisema injini…" Akajikatiza. "Basi, tuyaache. Kaa mnakula bado, wewe na Corinne?"

Akampa ndoo ya kaa waliotoka jikoni sasa hivi, wenye viungo vya kuwasha midomo. Dwight aliibeba ndoo ile gati zima huku masikio yanamchoma. Jioni Corinne alikula wawili. Yeye hata mguu mmoja haukupita kooni.

"Njia ya mwongo ni fupi," Corinne alisema, akakusanya maganda.

Alfajiri ya kuondoka, mwisho wa gati palikuwa patupu. Mashua ya mzee haikuwa imeonekana kwa siku kadhaa. Labda amekwenda kuvua, Dwight aliwaza, na akashusha pumzi kwamba hatalazimika kumpungia mkono. Kisha akaona haya kwa kushusha pumzi kule.

Walikwenda mbio kama walivyotaka. Lakini jioni, boti zikishafungwa pamoja, mahindi yakachomwa, saladi ya viazi ikapita mkono kwa mkono, na maneno yakaisha mapema. Walizungumza bei ya mafuta. Wakazungumza tena bei ya mafuta. Marlys, mke wa Lonnie, akauliza hivi mwaka jana walikuwa wakicheka nini hata wasilale. Dwight alikumbuka. Ilikuwa hadithi ya mzee, siku Verna alipomwangusha majini kabla hawajaoana.

Adhuhuri ya sikukuu wakaingia Baltimore, wakakuta bandari imejaa. Boti ubavu kwa ubavu, bendera kila mlingoti, hata pa kutupia jiwe hapakuwepo. Polisi wa bandari wakawaashiria warudi nje, huko ambako fataki huonekana nyuma ya maghala.

"Bwana mpangaji," Lonnie aliita redioni, msafara mzima ukisikia, "tupange wapi? Juu ya paa?"

Dwight alizunguka mara ya pili, jasho likimtoka. Watu wote hawa aliwatoa makwao kwa mdomo wake. Alitamani maji yammeze.

Ndipo Corinne akamshika bega. Katikati kabisa ya bandari palikuwa na uwazi, na katikati ya uwazi huo mashua moja kuukuu imetia nanga. Pande zote mbili ilikuwa imening'iniza mipira ya kuzuia mikwaruzo, kama mtu afanyavyo anapongoja wageni wa kujifunga kwake. Nyuma yake, kwa rangi mpya: Verna.

Dwight alitaka kugeuza boti. Akachelewa. Mzee Alton alikuwa amekwishasimama, kamba mkono huu, maiki mkono ule, na sauti yake ikatoka katika kila redio ya msafara.

"Nipo hapa tangu juzi, nawashikia nafasi. Lonnie, hongera, naona injini imefufuka. Njooni, njooni mjifunge kwa konokono. Na wewe, Dwight, usiwe na wasiwasi, kula utakula kwa raha. Usiku wa leo Verna sitamtaja."