Lugha ya Nyumbani

Siku hizi mtu akipandikizwa ujuzi mpya kichwani, ule wa zamani hufutwa kuupisha. Nakiete alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Mashine zilipochukua kazi hiyo, aliitwa kituo cha upandikizaji akafanywe fundi wa mitambo ya maji.

"Mume wangu ni kiziwi," alimwambia daktari. "Hiyo ndiyo lugha yetu ya nyumbani."

"Pole, mama. Ya kazini na ya nyumbani hatuwezi kuzitenganisha."

Bila kazi wasingekula. Akakubali.

Jioni mumewe, Eliamani, alimpokea mlangoni, akamwambia jambo kwa mikono, uso ukimng'aa. Nakiete akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Eliamani akarudia polepole, kama anayeuliza swali. Nakiete akaitikia tena.

Mumewe akamtazama sana, kisha akatia mikono mfukoni.