Jina Katikati ya Ulingo

Kengele ilipolia, Kitwana alikwenda moja kwa moja katikati ya ulingo, akasimama juu ya herufi za buluu za jina la kampuni ya saruji iliyodhamini pambano, akashusha mikono.

"Jikinge, ndugu yangu," Ngwali, mpinzani wake, alimsihi. Walikuwa wamekulia mtaa mmoja.

"Walinzi wa kampuni hii walimpiga dada yangu risasi kule machimboni. Siwapiganii hawa."

"Si ungebaki nyumbani?"

"Nyumbani nani angeniona? Wewe piga."

Watu wakazomea. Mwamuzi akamtazama mkurugenzi wa kampuni kwenye viti vya mbele, naye akaashiria kwa kichwa: pambano liendelee.

Ngwali akapiga. Mwanzoni alimpiga kwa kumhurumia, kisha kelele zikampanda kichwani, akapiga kama alivyofundishwa: tumbo, mbavu, taya. Jino likaruka. Kitwana akapepesuka, akarudi palepale, mikono chini. Ngumi ya mwisho ikampasua juu ya jicho, akaanguka kifudifudi, na damu yake ikatapakaa juu ya zile herufi za buluu.

Mkurugenzi akainuka kwa kishindo. Ngwali alidhani anamwita daktari.

"Futeni jina!" alifoka. "Kamera zinaona!"

Mfagizi akapanda mbio na tambara bichi, akamruka Kitwana, akapiga magoti, akaanza kusugua.

Ngwali alimtazama Kitwana, ambaye tangu aanguke hakuwa ameguswa na mtu. Akasogea, akalikanyaga lile tambara kwa mguu wake wote, akageukia viti vya mbele, akashusha mikono.