Swali la Heroe

Siku hizi humpigi picha ndege wa porini kabla hujamjibu swali lake. Kamera inatafsiri, ndege anauliza, na ukimdanganya inajizima kutwa.

Lusajo, dereva wa treni aliyestaafu, aliyapenda maswali kuliko hata picha. Mkewe alipiga, yeye akaandika kwenye daftari. Hondohondo wa Mikumi alitaka kujua kama viatu ni sehemu ya mguu. Korongo mmoja aliuliza binadamu huwa anacheka nini akiwa peke yake. Hilo Lusajo alilizungusha kichwani siku mbili.

Safari yenyewe aliing'ang'ania mkewe, wiki moja tu baada ya kwenda kumchukulia Lusajo majibu ya vipimo hospitalini. Alirudi akasema ni mazuri, kisha akaanza kufunga mizigo.

Ziwa Manyara walimkuta heroe karibu kabisa na ukingo.

"Wahi, Mama Tumpe, asije akaruka," Lusajo alinong'ona, kalamu tayari.

Mkewe aliinua kamera. Heroe akapinda shingo.

"Mbona unampiga picha huyo mwenzio kila akikupa kisogo?"

Mama Tumpe alicheka kidogo. "Basi tu. Kapendeza na hiyo kofia."

Kamera ikalia mara moja, kioo kikawa cheusi.

Heroe alirudisha mdomo majini, akaendelea kula. Lusajo alilitazama swali lile alilokwisha kuliandika, akafunga daftari taratibu.

"Mama Tumpe," alisema, "hebu niambie tena yale majibu ya hospitali."