Kisura Apita Ukaguzi

Mkaguzi alipoteremka kwenye shimo chini ya gari, binti alipiga magoti ukingoni, naye akachungulia. Alikuwa ameshaapa kwamba leo hadanganywi na mtu.

"Dada, utachafuka," mkaguzi alisema kutoka chini.

"Nitafua. Wewe gonga hapo penye kutu."

"Si kutu hii, ni grisi."

"Gonga tu, kaka yangu."

Akagonga. Chuma kikaitika vizuri. Binti hakuridhika hata chembe.

Gari lenyewe lilimzidi umri kwa miaka kumi na miwili. Lilikuwa na rangi ya maziwa, taa za duara na usukani mwembamba, na baba yake aliliita Kisura. Kila mwaka Kisura alikwenda kukaguliwa, na kila mwaka alirudi na cheti safi. Sasa jamani, gari gani la umri huo halikosi hata balbu moja? Tena mkaguzi wa siku zote alikuwa rafiki wa baba yake tangu shuleni! Ndiyo maana binti aliomba ruhusa kazini, akachukua ufunguo, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua mzee.

Si kwamba alipenda ugomvi. Alikuwa na mtoto wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Tangu binti arudi kwenye mji wa wazazi wake na kupata zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha nguo, Babu na Bibi ndio waliompeleka Chiriku shule kwa Kisura. Wiki iliyopita mtoto alirudi na habari: "Mama, leo tumepanda njia ya waenda kwa miguu! Bibi kapiga ukelele!" Binti alikwenda kuangalia, akakuta bati la juu ya tairi la kushoto limebonyea.

"Limebonyea wapi?" baba yake aliuliza, akipapasa upande wa kulia kuanzia taa mpaka mlangoni.

"Huku, Baba. Kushoto."

"Aa, hapo!" Mzee akazunguka, akapagusa, akacheka. "Kitu kidogo hicho. Kisura mzima kuliko wewe."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia binti. Mtu anayelipangusa gari kila siku atasahauje limeumia upande gani? Mzee alikuwa anaficha jambo, na binti aliamini analijua: usukani umelegea, au breki zinavuta upande mmoja, naye anaogopa kunyang'anywa kipenzi chake. Hata mama yake, ambaye kwa maelezo ya Chiriku huongea garini njia nzima mpaka mtoto hapati nafasi, alipoulizwa alijibu maneno mawili tu. "Gari zima." Kisha akaenda kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Basi pale kituoni binti hakupepesa macho. Alitikisa usukani mwenyewe. Aliwasha taa moja moja. Magurudumu yalipowekwa kwenye mashine ya kupima breki, alikanyaga kwa nguvu zote, na sindano zake mbili zikapanda pamoja.

"Rudia," alisema.

Wakarudia. Sindano zikapanda pamoja tena.

"Dada, una kesi na mwenye gari?" mkaguzi aliuliza.

"Ni baba yangu."

"Basi nenda kamwombe radhi. Magari ya juzi juzi hapa yanalia breki, hili ukikanyaga linasimama palepale, halivuti kulia wala kushoto. Nimekagua kila kitu. Sina la kuandika."

Akagonga muhuri. Binti alirudi nyumbani amejaa aibu.

Baba yake alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakigeuza, akampa mkewe. "Soma kwa sauti, nataka huyu asikie."

Mama akasoma mpaka mwisho. Mzee alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe, Baba," binti alisema. "Nilikudhania vibaya."

"Yameisha, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata binti alipomleta Chiriku, alimkuta mama yake amekaa kitini, goti limevimba, hata kusimama hawezi.

"Leo mtoto asiende shule," mama alisema.

"Kwa nini tena, na gari limepita?"

Mama alimtazama mumewe, akajaribu kunyanyuka, akarudi kitini.

"Bibi, mimi naiweza kazi yako!" Chiriku aliruka. "Leo nakaa mbele!"

"Kazi ya kuongea? Hiyo hujambo," binti akasema, yeye na baba yake wakacheka. Akambusu mwanawe, akatoka mbio kuwahi kazini. Kwa mara ya kwanza wiki nzima moyo wake ulikuwa umetulia.

Katikati ya kichochoro aligeuka. Kisura alikuwa ametoka getini, vioo vimeshushwa, anakuja polepole. Binti akasimama palepale, akapunga mkono. Baba yake alimtazama moja kwa moja, tabasamu tele usoni, lakini hakupunga. Gari likazidi kuja. Binti akapunga mikono yote miwili.

"Kulia kidogo, Babu," sauti ya Chiriku ilisikika dirishani. "Nyoosha. Nyoosha... Simama! Kuna mtu!"

Breki zikashika sawasawa, bila kuvuta kulia wala kushoto, na bampa ikamgusa binti magotini.

"Nani huyo?" baba yake akauliza, bado anamtazama usoni.