Matundu Makavu

Tulikuwa tumesimama ndani ya mfereji wa zege unaoteremsha maji bwawa likijaa. Matundu ya kutolea maji ya chini ya sakafu yake yalikuwa makavu kabisa, ingawa mvua ilikuwa haijakatika huku Wales tangu Jumapili.

"Umeona, mhandisi?" Gwilym, mlinzi wa bwawa, alijipigapiga kifua. "Yalikuwa yanachuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nimeyaziba mwenyewe kwa saruji. Sasa wageni wanapiga picha, hakuna madoa."

Nikapitisha kidole juu ya saruji yake. Laini kama kikombe cha chai.

"Na hayo maji, mzee, unadhani yameenda wapi?"

"Si yamekoma!"

"Yako chini ya nyayo zetu. Umeyafungia mlango, sasa yanasukuma sakafu juu."

Akacheka. "Zege zito namna hii? Labda liinuliwe na shetani."

Nikamwonyesha mahali mabamba mawili ya zege yanapokutana. Moja lilikuwa limenyanyuka. Ncha ya buti langu ikaingia chini yake.

Kicheko kikamkauka.

"Nipe nyundo, tuyazibue matundu kabla maji ya bwawa hayajashuka humu na kuyang'oa mabamba haya."

"Iko nyumbani," akasema, akilitazama bomba la moshi la nyumba yake, kule chini mfereji unakoishia.

Juu yetu, maji ya kwanza yalikuwa yameanza kuvuka ukingo wa bwawa.