Chumba cha Tatu Binti Ruwaida

Haya alinisimulia wifi yangu Mwanakheri, mwezi wa Rajabu.

Siku hizi kuta hutunza sauti za waliokaa ndani. Siti alipoinunua nyumba ya Bi Ruwaida, aliikarabati kwa ajili ya Idd, akakwangua chokaa yote, hata ya chumba alimofia Tatu, binti wa bibi huyo. Sauti ya marehemu ikapotea.

Alasiri Bi Ruwaida akaja kuisikiliza, kama desturi yake. Siti kwa hofu akamficha bintiye Nunu nyuma ya ukuta. "Akiita Tatu, wewe itika."

"Tatu."

"Abee, mama."

Bi Ruwaida akalia. "Miaka yote nakuita, mwanangu, leo ndiyo umeitika."

Ikawa anakuja kila siku. Mwezi haukuisha, Siti akamwita Nunu akalale. Kimya. Akamwita Tatu. Mtoto akaja, akajilaza, akasinzia.